Kona Zetu za Kiswahili

Vijana wa safu ya mbele mmeniomba niandike. Mmesema ni "kwa ajili ya kumbukumbu," na neno hilo nnalishuku, kwa sababu mtu akiombwa kumbukumbu zake ajue kwamba watu wameshamaliza kumuuliza ushauri. Lakini nimestaafu, asubuhi zangu ndefu, na Shamsa, mke wangu, amechoka kuniona nikimfuata jikoni kumkagua anavyokata vitunguu. Basi nimekaa mezani, nnaandika.

Sitaandika nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Nilicheza namba tisa katika klabu yetu ya hapa Maskati mpaka magoti yakakataa, kisha nikawa kocha wa washambuliaji wa klabu hiyo hiyo mpaka mwaka huu. Asubuhi nilikuwa na kazi ya ofisini kama wenzangu wote wa zamani, maana mpira wakati ule haukumlisha mtu. Kazi ya ofisini haina kona, nnaiacha.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda uwanjani na viatu vya njumu ambavyo baba alininunulia sokoni Matrah. Vilikuwa vikubwa, kwa sababu baba aliamini mguu wa mtoto wa kiume hauachi kukua. Nikajaza pamba mbele. Uwanja wenyewe ulikuwa ndani ya wadi, bonde la mto uliokauka, kokoto tupu, mistari imechorwa kwa chokaa, na ukianguka unarudi nyumbani na kokoto magotini. Sie tulikuwa tumekuja kutoka Unguja si zamani. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu na cha kusalimia, na wale vijana wa pale walinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Hakuna aliyenipa pasi.

Aliyenipa pasi ya kwanza alikuwa Mzee Suwedi, ambaye wakati huo hata hakuwa mzee. Alikuwa mtu wa Malindi, Unguja, mwembamba, mwenye sauti ya pole, na ndiye aliyekuwa akiwafundisha washambuliaji. Alinisimamisha pembeni ya goli, akaniambia nitazame tu. Mazoezi yalipokwisha akaja.

"Umeona nini?"

"Nimeona mabeki."

"Hujaona kitu. Kesho uje utazame tena. Tazama miguu yao, nyuso zao waachie mama zao."

Nikatazama siku nyingi. Nilichokiona mwishowe ni kwamba beki mzuri hakuachii njia bure. Akikuachia, kuna kitu huko anakokupeleka. Hilo ndilo lilikuwa somo la Mzee Suwedi kutoka mwanzo mpaka mwisho: mshuku anayekupisha. Alisema mshambuliaji akitaka kumwamini mtu amwamini kipa wake tu, na huyo naye amwangalie kwa jicho moja.

Somo hilo hakulibuni yeye. Alilipata Unguja alipokuwa mtoto wa kuokota mipira, kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akipima barabara. Yule Mwingereza ujanani alikuwa mshambuliaji kwao, enzi zile za mpira wa ngozi unaofungwa kwa kamba na fulana za sufu zinazonywa mvua. Alifunga sana, alisema Suwedi, mpaka siku beki mmoja alipomchekea, akamsogelea bila wasiwasi, akavunjwa mguu. Ndiyo akaishia kupima barabara za watu. Hadithi hiyo mie nnaishuku hadi leo, maana kila Suwedi alipoihadithia, mguu uliovunjika ulikuwa mwengine.

Vifaa vyangu mnavicheka kabatini, basi nieleze. Bendeji zile nilikuwa nikizifua mwenyewe, kwa sababu bendeji iliyofuliwa na mwengine inaweza kurudi na upupu. Nyie mnacheka, lakini yalimkuta mtu. Sindano nene ya kushonea mpira, kwa kuwa mpira ulipopasuka hakukuwa na wa pili. Chupa ya mafuta ya kuchulia, yananuka karafuu, yakikuingia machoni utaona goli mbili. Na makaratasi magumu ya kuweka ndani ya soksi, kuikinga miguu. Kabla ya kila mechi niliubonyeza mpira kwa kidole gumba, nikautikisa wavu, nikaonja maji tuliyopewa na wenyeji. Wenzangu walisema nina maradhi. Mie nilisema nina magoli.

Ingawa ukweli, kushuku kuna hasara zake. Palikuwa na beki wa timu moja ya jeshi, mrefu, mkimya, ambaye mechi nzima aliniachia upande wa kushoto. Mlango wazi kabisa. Nikasema, huyu ana jambo, sipiti. Nikang'ang'ana kulia mpaka refa akapuliza firimbi ya mwisho, sikufunga. Baadaye nikamwona anavua kiatu, kidole kimevimba kama embe dodo. Hakuwa na jambo lolote, alikuwa hawezi kugeuka. Mzee Suwedi alininunulia soda tu, na soda ile nikainywa kwa uchungu.

Sasa niseme juu ya kona, maana najua ndizo mnazozitaka.

Klabu yetu tangu mwanzo ilikuwa na watu wengi wa Unguja na Pemba. Mabeki wa timu nyingine walikuwa watu wa Nizwa, wa Rustaq, wa Sur, na tuliamini hawana neno la Kiswahili. Timu nyingine zilipopiga kona zilipeana ishara za mikono, mkono juu, mkono kiunoni, kama watu wanaoongoza magari. Mzee Suwedi akasema ishara za nini na sie tuna lugha? Basi mpigaji wa kona alikuwa akisema wazi wazi kwa sauti yake yote: "Ya kwanza!" mpira uende nguzo ya kwanza, au "Ya pili!" uende ya mbali. Au akasema tu, "Mpe yule mrefu, huyu wa mbele anasinzia." Vijana waliokuja klabuni bila Kiswahili walijifunza maneno hayo kabla ya kujua choo kiko wapi. Tulifunga magoli mengi kwa njia hiyo, na tulikuwa tukijiona werevu sana.

Mambo hayo hayakuishia uwanjani. Mtu wa kwetu akiwa dukani anataka kusema bei hii ni wizi, anasema kwa Kiswahili. Akiwa kwenye teksi, hospitali, arusini kwa watu, akiwa na lake la moyoni, anasema kwa Kiswahili, na uso anauacha ukiwa na adabu. Kiswahili kwetu hapa ni chumba cha ndani. Unaingia, unasema, unatoka.

Hata nyumbani kwangu ilikuwa hivyo. Shamsa ni mtu wa Rustaq, Mwarabu wa watu, na nilipomuoa hakuwa na Kiswahili. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiishi nasi. Wiki ile ya kwanza ya arusi tulikaa kwenye sinia, mama akatia tonge mdomoni, akaniambia kwa Kiswahili, huku akimtabasamia bibi arusi, "Huyu mtoto mzuri, lakini chumvi hii atatuua." Nikamjibu, "Mvumilie, mama." Wiki iliyofuata chumvi ikawa sawa. Nikasema bahati njema. Miaka ikapita, sie tukisema yetu mbele yake, yeye akitutilia chai. Mama alipokuwa mtu mzima wa kukaa tu, jioni zake alikaa na Shamsa wakichambua mchele pamoja saa nzima. Sijui walikuwa wakizungumza nini, maana Kiarabu cha mama kilikuwa cha taabu.

Shamsa ana kaka, jina lake Khalfan. Shemeji yangu huyu naye ni mtu wa mpira, na kwa miaka ya karibuni alikuwa kocha mkuu wa klabu nyingine ya hapa hapa mjini. Sikulipenda jambo hilo. Mtu unayekula naye sinia moja siku ya Idi hafai kukaa benchi la pili, ni kujitafutia maneno. Na maneno yakaja.

Msimu wangu wa mwisho tulianza vibaya. Mpaka mechi za mwisho tulikuwa chini, tukichungulia shimo la kushuka daraja. Timu nyingine tuliwafunga kwa kona kama kawaida. Timu ya Khalfan, hata moja. Kila tukipiga kona, beki wao wa kati alikuwa ameshafika. Beki huyo ni Mundhir, mtoto wa Khalfan mwenyewe, kijana mrefu, mtaratibu, ananiita ami. Tukisema ya kwanza, yuko ya kwanza. Tukisema ya pili, unamkuta ya pili anatungoja kama mwenye nyumba. Tulikutana nao katika ligi, tukakutana nao katika kombe, hali ilikuwa hiyo hiyo.

Tukabadilisha mipango. Tukabadilisha mpigaji, tukabadilisha mkimbiaji, tukafanya mazoezi ya kona milango imefungwa na wazazi wametolewa nje. Tukacheza nao mechi ya kirafiki, Mundhir akazitoa zote kwa kichwa. Kiswahili hatukukibadilisha. Wallahi halikumjia mtu yeyote, mkubwa wala mdogo.

Mie nikaanza kazi niliyofundishwa. Nikamshuku kipa wetu, anayekunywa chai ya maziwa na wachezaji wa kule. Nikamfuata, nikakuta wanazungumza magari. Nikamshuku mchua misuli, kwa sababu mtu akilala kifudifudi husema kila kitu. Nikaishuku simu yangu, nikawa nnaizima mazoezini na kuifunga ndani ya soksi. Nikauchunguza ukuta wa uwanja kutafuta pa mtu kuchungulia, nikampata paka.

Wakati mie nikiwashuku wote, wote walikuwa wakinishuku mie.

Mwenyekiti wa klabu aliniita ofisini kwake, mtaa wa Khuwair. Ni mtu wa kwetu, baba yake na baba yangu walikuwa wakisali msikiti mmoja Unguja. Nahodha naye alikuwepo, kainamisha kichwa. Kahawa ikaletwa, halwa ikaletwa, na nilipoiona halwa nikajua mambo mabaya.

"Bwana Nassor," alisema mwenyekiti, "hapa hatumtuhumu mtu."

"Mkisema hivyo mmeshatuhumu."

"Sikiliza. Kona zetu ni za Kiswahili. Wale watu hawajui Kiswahili. Kwa hiyo kuna mtu wetu anayewafasiria na kuwapa mipango mapema. Wewe ungefikiri vipi?"

"Ningefikiri hivyo hivyo."

"Na mwenye shemeji upande wa pili ni nani?"

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawa moto, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hesabu yake haikuwa na kosa. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningeniita mapema zaidi. Akasema mechi ya mwisho ya ligi ni dhidi yao. Tukishinda tunabaki, tukishindwa tunashuka. Na ikiwa kona zetu zitajulikana tena, basi hapatakuwa na sherehe ya kuniaga, nitaondoka kimya kimya na kila mtu atajua kwa nini. Alisema kwa upole, akinisogezea sahani ya halwa.

Nyie vijana hamuijui Maskati ya watu wazima. Mji huu jina likiharibika Matrah asubuhi, adhuhuri limeshafika Khuwair. Nilikuwa nimekaa klabu ile umri wangu wote wa utu uzima. Ningeaga kwa sifa ya mtu aliyewauza wenzake kwa ajili ya shemeji. Usingizi ukanikataa.

Na hapo ndipo nikamshuku Shamsa. Nnalisema kama lilivyo. Nikafikiri, mtu pekee anayeingia kwangu na kwa Khalfan ni huyu. Kiswahili hajui, lakini pengine anaziona zile karatasi ninazochora mezani. Nikaanza kuchora chooni. Simu ikilia nikawa napanda juu ya dari kuzungumza, juani, na kofia kichwani. Akanitazama siku kadhaa. Kisha akaniuliza kwa Kiarabu, taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

"Unanishuku mimi?"

Nilitakiwa kusema hapana. Badala yake nikazikunja karatasi zangu, nikazitia mfukoni. Akatikisa kichwa mara moja, akabeba mto wake, akahamia chumba cha binti yetu aliyeolewa. Tangu hapo akawa ananiambia "chakula tayari" na "mlango unagongwa," basi. Nyumba ikawa kubwa kuliko nilivyoijua.

Idi ikaingia katikati ya balaa hilo. Kwenda kwa Khalfan ilikuwa lazima, ingawa Shamsa alikaa kiti cha nyuma cha gari kama abiria. Khalfan anakaa Khuwair ya Kusini, nyumba kubwa yenye majilisi ya wageni mbele na jiko upande wa nyuma. Tulipokewa kama kawaida. Aliyetuletea kahawa alikuwa Mama Rehema, mama wa Muheza, Tanga, aliyekuja kufanya kazi nyumba ile Mundhir akiwa bado hajatambaa. Kila Idi yeye ndiye anayenitilia kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Rehema. Hujambo? Nyumbani wazima?"

"Wazima, tunashukuru Mungu."

Ndiyo mazungumzo yetu ya miaka yote, hayakuwahi kuzidi hapo. Tukala. Khalfan akanitania juu ya mechi, mie nikacheka kwa meno. Nikainuka kwenda kunawa, na njia ya kwenda kunawa inapita dirisha la jiko.

Ndani nikasikia sauti ya kijana inasema, "Mama, ile halwa ya pistachio usiwape wote bwana, nifichie. Jana nilifika nikakuta sahani nyeupe." Na Mama Rehema akamjibu, "We mtoto una roho mbaya, wageni watakula nini?" Yule kijana akacheka. "Wape tende. Mzee Nassor mwenyewe hali halwa, anaishuku."

Kilikuwa Kiswahili cha Muheza kilichonyooka, mtu hajikwai hata mahali pamoja. Nikachungulia. Mundhir alikuwa amekaa juu ya meza ya jikoni, miguu inaning'inia, anamenya karanga za Mama Rehema.

Nikanawa mikono nikarudia. Maji yalikuwa baridi. Nikafikiri: huyu mwanamke amembeba mtoto huyu mgongoni, amemlisha, amemlaza, amemuimbia. Angemuimbia kwa lugha gani? Nimeonja maji ya kila uwanja wa nchi hii, na kahawa ya nyumba ile nimeinywa kila Idi bila kumtazama anayetia.

Mtoto mwenyewe hakufanya kosa lolote. Alikuwa na masikio tu, na sie tulikuwa tukimpigia kelele.

Mtasema, si ungekwenda kwa mwenyekiti ukamwambia? Ningemwambia nini? Kwamba beki wao, mtoto wa shemeji yangu, anajua Kiswahili? Angeniuliza, nani kamfundisha? Katika nyumba ile, kwa macho ya mwenyekiti, Mswahili aliyekuwa akiingia na kutoka nilikuwa mie peke yangu. Huyo Mama Rehema asingemfikiria, kama mie nisivyomfikiria. Ningekuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Nikafunga mdomo, nikarudi majilisini, nikala halwa. Khalfan alishangaa.

Siku ya mechi nilingoja mpaka timu imeshapanga mstari wa kutoka. Nikamvuta nahodha, na mpigaji wa kona, na yule mshambuliaji wetu mrefu.

"Leo mkisema ya kwanza, mpira uende ya pili. Mkisema ya pili, uende ya kwanza. Na mseme kwa sauti."

"Kwa nini, kocha?" aliuliza nahodha. Macho yake yalikuwa yakinipima.

"Kwa sababu nimesema. Na wewe kama unanishuku, nishuku baada ya mechi."

Mwenyekiti aliacha kiti chake cha heshima, akaja kusimama karibu na benchi letu, mikono nyuma. Nilijua kilichomleta. Mechi ikawa ngumu, watu wanavutana jezi, jasho, vumbi, hakuna goli. Mundhir alicheza vizuri sana, niseme haki yake. Kipindi cha pili, karibu na mwisho, tukapata kona upande wa benchi letu. Mpigaji akaupanga mpira. Akavuta pumzi, akapiga ukelele uliofika Matrah, "Ya kwanza! Ya kwanza!"

Nilikuwa nnamtazama Mundhir miguuni, kama nilivyofundishwa. Kisigino kikageuka kabla mpira haujapigwa. Akaenda ya kwanza mbio zote. Mpira ukapita juu yake, ukashuka nguzo ya pili, na yule mrefu wetu akaugusa kwa kipaji cha uso akiwa peke yake kabisa. Goli.

Wenzangu walirukiana. Mie sikuruka, nilikuwa bado nnamtazama yule mtoto. Alisimama pale kwenye nguzo ya kwanza, akatugeukia sote, uso umemvimba kwa hasira, akasema kwa sauti ya uwanja mzima:

"Waongo nyie! Si mmesema ya kwanza?"

Nahodha, aliyekuwa amebebwa mgongoni, akashuka. Mwenyekiti akanitazama mie, akamtazama Mundhir, kisha akanitazama tena, na nikaliona lile swali linapanda usoni mwake, lile lile nililokuwa nikilikhofu. Refa alipopuliza firimbi ya mwisho, sie tumeshinda moja bila, mwenyekiti hakwenda kushangilia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mundhir. Nikamfuata.

"Mwanangu, umejifunza wapi Kiswahili?"

"Kwa mama."

"Mama yako si mtu wa Rustaq?"

"Mama Rehema," alisema Mundhir, akijifuta jasho kwa jezi. "Wa nyumbani kwetu. Wa Muheza." Kisha akanigeukia, kidogo ana haya, kidogo bado ana hasira. "Ami, kumbe ulikuwa unajua. Umeniongopea."

"Nani alikwambia nilikuwa nnasema na wewe?" nikamjibu.

Akafikiri, akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alisimama akitazama majani, mtu mzima, na nadhani alikuwa akizipitia arusi zote alizohudhuria na yote aliyoyasema huko. Halafu akanishika bega. Hakuniomba radhi kwa maneno, watu wa kwetu hatuna desturi hiyo, lakini sherehe ya kuniaga ilifanywa, na halwa yake nikaila bila kuibonyeza kwanza.

Nikarudi nyumbani jina langu limesafika. Shamsa alikuwa amekaa sebuleni, sinia la mchele mapajani, anachambua. Nikamwambia kwa Kiarabu, "Tumeshinda." Akasema, "Alhamdulillahi." Akaendelea na mchele.

Nikakaa mbali naye. Furaha yote niliyokuja nayo ikaniishia. Nikampigia simu dada yangu Zuwena, Unguja, kwa sababu mtu lazima aseme na mtu. Nikaingia katika kile chumba chetu cha ndani, nikasema kwa Kiswahili, hapo hapo mbele ya mke wangu, uso nimeuweka wa adabu.

"Dada, nimeshinda kwa watu, nimeshindwa nyumbani kwangu. Nilimshuku Shamsa. Mwanamke aliyemuuguza mama mpaka siku ya mwisho, nikachora karatasi zangu chooni asizione. Aliniuliza, nikashindwa kumwambia hapana. Nnaona haya hata kumtazama."

"Sasa unaniambia mie ya nini?" alisema Zuwena. "Mwambie yeye."

"Nimwambie vipi? Kiarabu changu mpaka leo hakina maneno ya mambo kama haya."

"Basi mwambie kwa Kiswahili."

"Hajui Kiswahili."

"Anajua," alisema Shamsa. Hakuinua uso kutoka kwenye mchele. "Mwambie."

Simu ikabaki sikioni, Zuwena anasema halo, halo. Sauti ilikuwa ya mke wangu, lakini matamshi yalikuwa ya marehemu mama yangu, yale yale ya Unguja, na machozi yakanitoka kabla sijajua nalia nini. Nikaiweka simu chini. Nikahamia karibu yake, nikamwambia yote tangu mwanzo, na safari hii nikijua nani ananisikiliza. Alipokwisha kunisikiliza alinisogezea upande mmoja wa sinia, nami nikaanza kuchambua.

Baadaye, mchele ukiwa umekaribia kwisha, nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu ile chumvi," akasema.